Mafuta ya Kuokea

3 Machi

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Biskuti

Ndugu Meneja,

Salamu. Hunijui na mimi sikujui. Anwani yenu nimeitoa mgongoni mwa pakiti, kule chini kabisa, kwenye herufi ndogo ambazo nadhani aliyeziandika hakutegemea kuna mtu atazisoma. Mimi nimezisoma. Siku hizi nasoma kwa kidole kila pakiti inayotaka kuingia kwangu, mpaka muuza duka wa mtaani akiniona nimesimama nayo huniuliza, "Mama Chiriku, unanunua au unasali?"

Chiriku ni binti yangu. Ana miaka mitano, na jina hilo kalipata kwa kazi ya mdomo wake. Tangu mwaka jana ana mzio ambao daktari anauita alfa-gali. Hali nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo wala nguruwe, hanywi maziwa yao, na hagusi chochote kilichotoka ndani ya miili yao. Kuku anakula. Samaki anakula. Mayai anakula mpaka namwonea huruma kuku.

Kwenye sufuria yangu sina wasiwasi, maana kinachoingia nakiona. Shida ni vitu vya pakiti. Ng'ombe kajificha humo kama mdaiwa. Yumo kwenye zile peremende za kuvutika, anaitwa jelatini, kumbe ni mifupa na ngozi vilivyochemshwa. Yumo kwenye supu ya unga. Yumo hata kwenye maganda ya vidonge vya dawa. Siku daktari aliponieleza nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni mwa jiko na mdogo wake Chiriku mgongoni, nikaona kabati langu limejaa wanyama waliokaa kimya.

Sasa biskuti zenu, zile zenye picha ya jua linalocheka. Mmeandika: unga wa ngano, sukari, mafuta ya kuokea, chumvi, hamira ya unga. Maziwa hamna, nimeangalia. Swali langu ni moja tu. Hayo mafuta ya kuokea ni ya nini, ya mmea au ya ng'ombe?

Ndizo biskuti wanazopewa watoto wa chekechea saa nne. Wenzake wanakula, yeye anawatazama midomo.

Naomba jibu.

Mama Chiriku,
mpiga pasi kwa dobi


11 Machi

Ndugu Mteja,

YAH: MALALAMIKO YA NYAMA NDANI YA BISKUTI

Rejea barua yako ya tarehe 3 Machi.

Uongozi umepokea malalamiko yako kwa masikitiko. Napenda kukuhakikishia kuwa kiwanda hiki hakijawahi kuweka, hakiweki, wala hakina mpango wa kuweka nyama ya aina yoyote ndani ya biskuti. Endapo umekuta kipande, tafadhali kihifadhi mahali pa baridi na ukiwasilishe pamoja na pakiti yake kwa uchunguzi.

Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini.

Karani wa Barua za Wateja,
kwa niaba ya Meneja


17 Machi

Ndugu Karani,

Sikulalamika, niliuliza. Wala sikukuta kipande cha nyama. Ningekuta kipande ningeshukuru, maana kipande kinaonekana.

Nakuandikia saa ya chakula cha mchana, juu ya meza ya kupigia pasi, kwa hiyo ukiona karatasi imelegea ni mvuke, si machozi. Ngoja nikueleze vizuri, pengine kosa ni langu nilikimbia.

Mwaka jana Chiriku alikwenda kukaa kwa bibi yake, mama yangu, ambaye anafuga. Huko akapendana na ndama. Kutwa wako pamoja zizini, anamsimulia ndama habari za chekechea na ndama anasikiliza kuliko mwalimu. Aliporudi nilimkuta na kupe nyuma ya goti, mdogo kama punje ya ufuta. Nikamtoa, nikamkanyaga, nikasahau.

Damu ya mwanangu haikusahau.

Daktari alinieleza hivi. Ndani ya mwili wa ng'ombe kuna sukari, si hii ya chai, ni sukari isiyoonekana wala kuonjeka. Karibu wanyama wote wanaonyonyesha wanayo. Sisi watu hatuna, na nyani hawana. Ndege hawana, samaki hawana. Yule kupe alipomuuma alimtia chembe ya sukari hiyo, na mwili wake ukaikariri kama sura ya mwizi. Sasa unaitambua popote. Isage, ichemshe, ikaushe, ibadilishe jina, bado unaitambua. Na huyu ni mtoto asiyeweza kukumbuka viatu vyake kaviacha wapi!

Halafu haimshiki papo hapo. Anakula asubuhi, anacheza, anaimba, mchana unapita, ndipo mabaka yanatoka na midomo inavimba. Ndiyo maana tulichelewa kujua. Nani angeshtaki chai ya maziwa ya asubuhi kwa uvimbe wa alasiri?

Hata mwani, ndugu yangu, yale majani ya baharini, husagwa yakatiwa kwenye vitu vya pakiti ili viwe vizito, na daktari anasema yana sukari inayofanana na hiyo. Ng'ombe na jani la baharini! Niliposikia nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

Basi narudia swali. Mafuta ya kuokea ni ya nini? Nisishukuriwe kwa kuwaamini. Niambiwe ni ya nini.

Mama Chiriku


26 Machi

Mama Chiriku,

Nakuomba radhi. Barua za wateja hapa tuna majibu ya aina tatu yaliyokwisha andaliwa, na yako niliisoma haraka nikaiweka kwenye "kitu kimekutwa ndani". Haikustahili.

Barua yako ya pili nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda nayo nyumbani nikamsomea mke wangu. Alikuwa anamenya viazi. Aliacha kisu. "Kupe?" akasema. "Kupe anafundisha damu?" Tulikaa tu tunatazama maganda ya viazi.

Sasa jibu. Nimefungua kabati la fomula, ambalo funguo zake ziko kwangu. Fomula ya biskuti ya jua imepigwa chapa na kutiwa sahihi, na inasema: mafuta ya kuokea, ya mimea. Nimeisoma kwa kidole kama unavyosoma wewe pakiti. Ng'ombe hayumo.

Nimeona si vema kumwacha Chiriku awatazame wenzake midomo. Nakutumia katoni moja, ni zawadi yangu kwake, na nauli yake nimelipa mwenyewe.

Karani wa Barua,
kwa niaba ya Meneja


3 Aprili

Baba Karani,

Naomba nikuite hivyo, "Ndugu" imekuwa ndogo.

Katoni imefika. Chiriku aliikalia kwanza, kuhakikisha haiondoki.

Nilimpa nusu biskuti asubuhi, nikaenda naye kazini nikamweka chini ya meza yangu. Kila shati nililopiga pasi nilimchungulia. Wenzangu wakaniambia, "We mama, utaunguza kola za watu." Kola moja niliunguza kweli. Jioni ikafika, ngozi yake safi kama shuka jipya. Kesho yake nikampa nzima. Safi. Jumatatu nikamfungia pakiti moja ya chekechea.

Mwalimu anasema saa nne hakuongea. Ndiyo mara ya kwanza darasa lile kuwa na utulivu. Alikaa wima, akala kwa adabu kama mgeni wa heshima, akakusanya na makombo. Aliporudi aliniambia, "Mama, leo nilikuwa kama watu."

Mimi nikaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Asante, Baba Karani. Nimechoka sana mwaka huu, mdogo wake halali na baba yao yuko safarini na lori. Lakini kila ninapowaza kwamba kabatini humo mlimokuwa na wanyama sasa kuna jua linalocheka, nanyooka mgongo.

Mama Chiriku


10 Aprili

Mama Chiriku,

Barua yako imepita meza zote za ofisi hii. Mhasibu aliyenuna tangu aajiriwe amecheka kwenye ile ya kuikalia katoni. Wananiita Babu Chiriku sasa, na mimi naitika.

Mwambie mjukuu wangu asihesabu biskuti, ale. Ikikaribia kwisha uniandikie mapema, nyingine itakuja. Na kola ya watu iliyoungua nitailipia mimi, mradi mwenyewe asiwe mnene.

Babu Chiriku,
kwa niaba ya Meneja (ambaye hajui)


10 Aprili

Baba Karani,

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilifungua pakiti nyingine kutoka katoni ile ile. Picha ile ile, maneno yale yale. Alikula tatu. Hakula kingine chochote isipokuwa yai na chai ya rangi. Alasiri nikaitwa chekechea. Macho hayakuonekana kwa uvimbe. Alikuwa anavuta pumzi kwa sauti kama mlango unaokwaruza sakafu, na alikuwa haongei. Chiriku wangu haongei.

Wamemdunga sindano. Sasa kalala, kifua kinapanda na kushuka, nimeweka mkono juu yake na sijautoa.

Uliniambia ng'ombe hayumo. Mwili wake unasema yumo. Mimi namwamini huyu.

Ganda la pakiti nimelikunja ndani ya bahasha. Lina muhuri wa siku iliyotengenezwa. Nenda kaulize.

Mama Chiriku


19 Aprili

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Ninapofikiria kwamba siku ile unakaa kwenye benchi mimi naandika mzaha wa kola, natamani ardhi inimeze. Niambie kwanza anaendeleaje. Hayo mengine unaweza kuyasoma baadaye.

Nilikwenda kuuliza.

Ofisi yetu iko juu. Harufu ya biskuti inapanda ngazi kila siku, lakini mimi nilikuwa nashuka ngazi za upande wa lango. Zile za upande wa mashine sikuwahi kuzishuka tangu nilipotembezwa siku ya kuajiriwa. Nimejibu barua kuhusu biskuti nusu ya umri wangu, na nilikuwa sijui zinavyozaliwa.

Mama Chiriku, ni kitu kikubwa. Unga unamwagika kutoka darini kama mvua nyeupe. Donge la unga ni zito kama ng'ombe mzima, linagaagaa ndani ya beseni la chuma na kuguna. Halafu linalazwa, linakuwa kitambaa, kitambaa kinakuwa majua, maelfu ya majua yanayocheka yanaingia kwenye moto upande huu na kutokea upande ule yameiva, hayakatiki, hayakatiki. Nilisimama pale nikajiuliza, yote haya yanakwenda vinywani mwa kina nani? Na mimi kwenye ofisi yangu niliwajibu wote kwa karatasi za aina tatu.

Nikamtafuta mchanganyaji, mtu mmoja mpole mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Nikamwonyesha muhuri wa pakiti, maana katoni yako niliijaza mwenyewe kwa pakiti za siku tofauti. Akaangalia, akakumbuka.

"Siku hiyo mafuta ya mimea yaliisha. Tuliazima pipa kwa wenzetu wa jirani wanaooka pai za nyama."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe. Huwa tunaazimana, mzee. Wao wakiishiwa wanachukua kwetu, sisi tukiishiwa tunachukua kwao. Mashine haisimami."

"Nani aliruhusu?"

"Ruhusa ya nini? Mafuta ni mafuta. Yakishayeyuka yote yanang'aa."

Hakuficha kitu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kama mimi nilivyokuwa sijawahi. Nilipomweleza habari za Chiriku alivua kofia, akaishika kifuani, unga ukamwagika mabegani. Akauliza jambo moja tu: "Ana umri gani?"

Nilisoma fomula nikadhani nimesoma biskuti. Kosa ni langu, na sikutumii katoni nyingine kulifunika. Niambie tu nifanye nini.

Karani wa Barua


28 Aprili

Baba Karani,

Chiriku amepona. Ameongea siku mbili mfululizo kufidia. Kovu la sindano analionyesha watu kwa zamu, na watoto wa jirani wameambiwa wapange foleni.

Nilikuwa na hasira nawe. Nilikuwa napiga nayo pasi, mashati yote yamenyooka vizuri sana wiki ile. Halafu nikasoma habari za majua yanayotoka motoni na yule bwana na kofia yake, hasira ikakosa pa kukaa. Mimi pia nilikosea. Niliamini pakiti ya kwanza nikaacha kuogopa ya pili.

Unaniuliza ufanye nini. Sitaki katoni. Sitaki fidia, ingawa dada yangu anasema mimi mjinga. Sitaki hata mtengeneze biskuti ya kumfaa mwanangu. Dunia haiwezi kupikwa upya kwa ajili ya Chiriku, na nimeshamwambia hivyo, akalia, akanyamaza, akaomba yai.

Nataka neno moja. Andikeni ng'ombe. Kama yumo leo na kesho hayumo, andikeni kwamba anaweza kuwamo. Mimi nikisoma nitairudisha pakiti rafuni na maisha yataendelea. Ninachoshindwa kubeba ni hii kusimama dukani na pakiti mkononi, mdogo mtu analia mgongoni, nakodolea macho "mafuta ya kuokea" kana kwamba nikitazama sana yataniambia.

Siko peke yangu. Kule kwa daktari wa mzio tulikuwa benchi zima. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa mabomba, naye aliumwa na kupe. Mtu mzima na ndevu zake, anatembea na biskuti mfukoni ambayo hajathubutu kuila.

Ni neno dogo, Baba Karani. Lakini juu yake mwanangu anaweza kulala salama.

Mama Chiriku


16 Juni

Mwanangu Mama Chiriku,

Umenisubiri sana, najua. Sikutaka kukuandikia mikono mitupu.

Nilipeleka barua zako kwa Meneja. Akazisoma, akasikitika, maana si mtu mbaya. Kisha akasema tukiandika ng'ombe kwenye biskuti ya watoto, wateja watashtuka. Akaniambia, "Mjibu vizuri yule mama. Unajua namna ya kuwajibu."

Ni kweli najua. Miaka yote hii ninaandika na kumalizia "kwa niaba ya Meneja", na yeye haoni hata bahasha.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Niliweka karatasi tupu mbele yake, nikaweka na kalamu juu yake. Nikamwambia, "Hii andika wewe, bosi. Mimi nitatia muhuri tu."

Akanicheka. Mimi sikucheka. Akavuta karatasi. Akaandika "Ndugu Mama Chiriku". Akakwama hapo. Akaandika "Tunakuhakikishia", akaikata. Akainua kichwa akaniuliza, "Huyo mtoto alikuwa anapumua kwa sauti ya nini?" Nikamwambia, ya mlango unaokwaruza sakafu. Chini yetu mashine zinanguruma, meza inatetemeka kidogo kama kawaida. Alikaa na kalamu ile mpaka chai yake ikafanya ngozi. Hakuandika tena hata herufi moja. Mwisho akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Mwite mtu wa chapa."

Ndani ya bahasha hii kuna ganda la pakiti. Halijavishwa biskuti yoyote. Nililikata mwenyewe kwenye roli, mashine ikiwa bado inakimbia, wino una joto. Roli moja ni ndefu kupita mtaa wenu na mtaa wa pili, na neno lako limo kila baada ya shibiri. Nilisimama nikalitazama likipita, linapita, linapita. Mchanganyaji alikuja kusimama nami.

Soma mgongoni.

Ni mimi,
Karani wa Barua


5 Julai

Baba Karani,

Nimesoma. MAFUTA YA KUOKEA (YA MIMEA AU YA NG'OMBE).

Hazimfai mwanangu. Asante. Sikujua mtu anaweza kuambiwa hapana akafurahi hivi. Ganda nimelibandika ukutani juu ya meza yangu ya pasi, na mvuke umeanza kulikunja pembe.

Ila sikuandikii hayo. Nakuandikia la jana.

Tulikwenda dukani, mimi na Chiriku na mdogo wake mgongoni. Pakiti mpya zimefika, zimepangwa, majua yote yanacheka. Nilikuwa natafuta chumvi. Nageuka, Chiriku kashika pakiti. Nikafungua mdomo nimkataze.

Kumbe alikuwa ameigeuza. Anatazama mgongoni, kichwa kainamisha upande, kasimama kwa mguu mmoja kama ninavyosimama mimi nikichoka. Kidole kinatembea chini ya maneno. Chekechea wameanza kusoma silabi, lakini hajawahi kunisomea neno zima, hata jina lake. Kidole kikapita unga, kikapita sukari, kikafika kikasimama. Midomo ikahangaika.

"Ng'o," akasema. Akameza mate. "Mbe."

Akaniangalia, macho makubwa. "Mama! Ng'ombe! Kaandikwa!"

"Ndiyo, mama. Kaandikwa."

Akaitazama tena ile pakiti, kwa mshangao, kama imemwita jina. "Ni ndama wa bibi?"

"Ndugu yake."

Akafikiri. Akanyoosha mikono, akairudisha rafuni taratibu, kwa vidole vya mtu anayemlaza mtoto, akaigeuza ili jua liangalie mbele. Kisha akachukua pakiti ya pili yake, akaigeuza mgongo, akaanza tena kusoma tangu mwanzo.

Hiyo ya pili hakuna aliyemfundisha.

Muuza duka alikuwa ameacha kupima sukari. Alinisogelea, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

"Mama Chiriku," akaninong'oneza, "na huyu naye anasali?"

Nikamjibu ndiyo, amwache amalize.

Mama Chiriku